Shofere Aliyezima Motoka Kwenye Mteremko

Mtu ninayetaka kueleza habari zake ndiye aliyekuwa anaendesha siku mke wangu alipokufa, na kwa miaka yote iliyofuata tulisalimiana kila asubuhi. Hapa Panda, mtaa mmoja wa Likasi, watu walimwita Shofere, nami sitamwita vingine. Jina lake ninalijua, lakini watoto wake bado wanaishi mtaani kwetu na hawana kosa.

Nilimjua zamani, kabla ya ile motoka. Alikuwa mtu mfupi mwenye masikio makubwa, na aliyaamini masikio hayo kuliko watu wengine wanavyoamini macho. Mimi nina mashine ya kusaga mahindi. Umeme wa bwawa la Koni ukiwapo ninasaga kwa umeme. Ukikatika, na hukatika siku nyingi, ninawasha injini ya petroli, au esanse kama tunavyosema sisi. Siku moja Shofere alikuwa anapita njiani, injini yangu inanguruma, akasimama mlangoni. Hakunisalimu. Alifumba macho.

"Papa Mashini," akasema, "hii kintu yako inakula sawa mugeni wa matanga."

"Inakula vile inakulaka, Muzee. Minye nifanye nini?"

"Ngoja."

Akatoa sarafu ya zamani mfukoni, akageuza skrubu moja ndogo kidogo tu, akasikiliza, akaigeuza tena. Mlio ukapungua, ukawa laini. "Sasa imeshiba," akasema, akaenda zake. Tangu siku ile bidoni yangu, yaani galoni ya esanse, ilidumu zaidi. Hakutaka nimlipe. Mke wangu, Ngalula, alimpelekea unga kwenye sahani kubwa, na kuanzia hapo akawa mtu wa nyumbani kwetu.

Sitaki kumfanya mbaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa mkarimu wa chakula. Mgeni akimkuta anakula, hata kama ni bukari, yaani ugali, na majani ya mihogo ya mtu mmoja, sahani iligawanywa. Lakini mafuta ya gari hakuweza kuyaona yakipotea. Akiona lori limesimama sokoni na injini inaunguruma, alimwendea dereva na kumgombeza kama mtoto. Alifukuzwa mara nyingi. Mara moja alipigwa kofi, na kesho yake akarudi palepale, akamgombeza dereva yule yule.

Alikuwa na misemo yake. "Injini ukiisikia, inakula." Huo aliusema kila wiki. Mwingine ulikuwa: "Mulima unalipa mara moya, mutelemko inarudisha." Kwa lugha ya kawaida, mafuta uliyopoteza kwa kupanda, utarudishiwa unaposhuka, kama unajua kushuka. Nitarudi kwenye jambo la kushuka, maana ndilo linalonifanya niandike.

Ujana wake wote aliendesha malori ya kampuni ya migodi. Miaka ile mshahara ulikuja mwezi mmoja, ukakosa mitatu, na madereva wengi waliishi kwa kuuza mafuta ya lori. Yeye hakuuza hata kikombe. Mke wake alimwita mjinga mbele ya watu. Alivumilia. Kisha uzeeni akaajiriwa na tajiri mmoja wa hapa mjini, mnunuzi wa mawe ya shaba na kobalti tuliyemwita Patron, na hapo akaanza kuweka esanse pembeni. Nilimuuliza imekuwaje.

"Ya kampuni ilikuwa ya shiye bote," akasema, yaani ya sisi sote. "Hii ni ya mutu moya, na ule mutu hata haisikie maumivu."

Niliona jibu hilo ni zuri. Leo silioni zuri, lakini siku ile nililipenda, kwa sababu esanse aliyoiweka pembeni aliniuzia mimi, kwa bei ndogo kuliko ya kituo. Ninasema hivyo mapema ili msomaji asije akanihurumia kupita kiasi.

Motoka yenyewe ilikuwa ya michezo, ya Ulaya, ya viti viwili, usukani kushoto, nyeusi, fupi kama kitanda cha mtoto. Ililetwa juu ya lori kutoka Afrika Kusini. Siku ilipoteremshwa watu walifunga maduka kwenda kuitazama. Patron akakanyaga pedali ya moto, ikalia, na wanawake wakapiga vigelegele. Shofere peke yake alishika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye aliniambia: "Walisikia uzuri. Minye nilisikia esanse inaenda."

Kutunza motoka ile kulikuwa kama kutunza mgonjwa wa familia kubwa. Matairi yake mapana yalikwisha kwa msimu mmoja wa mvua, na mapya yalitoka mbali. Oili yake ilikuwa ya aina moja tu, katika makopo madogo, na kuibadilisha ilibidi kwenda Lubumbashi. Haikukubali esanse ya chupa inayouzwa kando ya barabara. Ilikohoa na kuwasha taa nyekundu. Ilitengenezwa ili ikimbie, na huku kwetu, kwa mashimo yetu, ilitambaa kwa gia ndogo, na motoka ya namna hiyo ikitambaa ndipo inapokunywa sana. Kwa esanse ambayo ilikunywa kutoka nyumbani kwa Patron mpaka katikati ya mji na kurudi, mimi ningesaga mahindi ya barabara yetu nzima.

Patron alikuwa na pesa, lakini alikuwa na aibu ya ajabu. Alitaka motoka yenye nguvu kuliko zote za Likasi, na papo hapo alitaka awaambie rafiki zake kwenye baa kwamba inakunywa kidogo. Mbele ya usukani kulikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha inakula lita ngapi. Kila Jumamosi Patron alikitazama kama mwanafunzi anayetazama pointi zake. Namba ikishuka, Shofere alipewa mkono. Ikipanda, alitukanwa. Esanse ya wiki ilitolewa ileile bila kubadilika. Iliyobaki, Patron hakuiuliza.

Kwa hiyo Shofere alipigana na namba ile. Aliendesha bila viatu ili ausikie mguu wake mwenyewe. Alitoa kila kitu nyuma: jeki, chupa za maji, hata kitabu cha sala cha mke wa Patron. Siku padri wa parokia alipoomba lifti, Shofere alimtazama kuanzia kichwani hadi tumboni, akauliza kwa heshima kamili: "Padri, samahani, weye uko na kilo ngapi?" Padri alicheka mpaka akaamua kwenda kwa miguu.

Patron mwenyewe hakupona. Ngalula alipenda sana hadithi hii ya clim, kile kipoza hewa cha garini, na alipoigiza sauti zao tulilia kwa kicheko.

"Shofere, fungula clim! Nakufa na joto!"

"Patron, clim inakunywa. Unataka ile chiffre ishuke ao hapana?"

"Nataka ishuke!"

"Basi tosha koti, utoke jasho."

Na Patron, mtu aliyeogopwa na wachimbaji mia, alivua koti na kutoka jasho mpaka Lubumbashi.

Jioni Shofere alirudi nyumbani kwa miguu, maana motoka haikuruhusiwa kulala Panda. Ufunguo aliubeba kwenye leso. Vijana walimchokoza: "Ee Shofere! Motoka ya mamilioni, na kandambili imekatika!" Naye hakugeuka. "Mguu haiombe esanse," alisema, akaendelea kutembea.

Sasa nieleze jambo la kushuka. Madereva wa malori ya zamani walikuwa na desturi: wakifika kwenye mteremko walizima injini, lori likateremka lenyewe, likiwa bubu, mpaka chini, kisha wakaiwasha tena. Wote walifanya hivyo, na wote walijisifu. Kwa malori yale ilikuwa kweli, mafuta yalibaki. Shofere aliibeba desturi hiyo akaiweka kwenye motoka ya Patron.

Motoka ilikataa. Haikuwa na ufunguo wa kuzungusha, ilikuwa na kibonyezo, na ikiwa katika mwendo ukikibonyeza haikusikii. Shofere alitafuta wiki mbili. Mwishowe aligundua kwamba ukikishikilia muda mrefu, bila kuachia, injini inazimika. Alikuja kuniambia siku hiyohiyo akiwa na furaha.

"Inanikataza mara ya kwanza," akasema, "sawa bibi-harusi. Lakini nikikaza, inakubali."

Ngalula alimwambia, "Baba, kintu ikikataza, si kuko sababu?"

"Mama, sababu ni moya: benye kuitengeneza wanataka kuuza esanse." Tukacheka, mimi na yeye.

Alituambia pia, kwa sauti ya fundi anayejua kazi yake, kwamba injini ikizimika breki hazifi papo hapo. Zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili. Mara ya tatu zinakuwa ngumu kama ukuta, na usukani pia unakuwa mzito. "Mara mbili inatosha mutu eko na akili," alisema. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa. Sikusema kitu. Bidoni zake mbili zilikuwa nyuma ya mashine yangu.

Kitu kimoja kilimsumbua. Kwenye mteremko, kabla hajazima injini, akiondoa tu mguu kwenye moto, kile kioo kilionyesha sifuri. Injini inanguruma, na kioo kinasema haili kitu. "Ile kioo inasema bongo," alituambia, yaani inasema uongo. "Injini naisikia. Ukiisikia, inakula." Na akaendelea kuzima.

Alifanya hivyo kwa muda mrefu, kwenye mteremko mrefu wa barabara ya Lubumbashi, na hakuna lililotokea. Namba ilishuka. Patron alijisifu kwenye baa. Mashine yangu ilisaga siku ambazo mashine za wengine zilinyamaza, na watu walipanga foleni kwangu. Tulipaka nyumba rangi. Ngalula alinunua viti vinne.

Kisha mkanda wa mashine yangu ukakatika. Mkanda wa saizi yake haukupatikana Likasi, basi Ngalula akaenda Lubumbashi kuutafuta, akalala kwa dada yake. Siku ya kurudi kwake Shofere alikuwa ameipeleka motoka huko kubadilishwa oili. Mimi ndiye niliyempigia simu.

"Muzee, mama eko Lubumbashi na mukanda. Unaweza kumuleta?"

"Patron hataki bantu ndani."

"Patron hayuko."

"Mama Ngalula ni mwepesi," akasema. "Hatakula kitu."

Nilicheka. Nilifurahi kwamba hatutalipa basi.

Saa nane mchana, kwenye mteremko, mtu mmoja alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makala, yaani mkaa. Shofere alikwisha kukanyaga breki mara mbili, huko juu, kwenye mashimo. Alikanyaga mara ya tatu. Mtu wa makala alipona na makala yake yakapona. Motoka iligonga ukuta wa daraja dogo kwa upande wa kulia, upande aliokuwa amekaa mke wangu. Waliniletea mkanda. Ulikuwa bado umefungwa kwenye plastiki yake, na saizi ilikuwa ile niliyomwandikia.

Kwenye matanga Shofere alikuja akichechemea, na mkono umefungwa bendeji. Aliinama mbele yangu mbele ya watu wote, akasema breki zilikataa. "Freins ilikatala, Papa Mashini. Ilikatala tu." Watu walimhurumia. Wengine walilaani motoka za Wazungu. Dada wa mke wangu alitaka kumfukuza, nikamzuia, na watu wakasema nina moyo wa Kikristo. Haukuwa moyo wa Kikristo. Nilijua kwamba yeye akisema neno moja la kweli, neno la pili litakuwa jina langu.

Patron alituma magunia mawili ya unga. Alimfukuza Shofere kwa sababu ya motoka. Alimwuliza mambo mengi kuhusu motoka. Jina la mwanamke aliyekuwa ndani hakuuliza, na sijui kama analijua mpaka leo.

Wiki chache baadaye fundi mmoja kijana alitoka Lubumbashi kuja kuchukua mabaki. Alipita kwangu kununua unga, na aliposikia kwamba mimi ndiye mume, akavua kofia. Alikuwa ameunganisha kompyuta yake na ile motoka.

"Papa, minye sitaki kukuongezea machungu," akasema.

"Ongeza tu."

"Injini ilikuwa imezimwa. Kwa mukono."

Nikamwambia najua. Akashangaa. Nikamuuliza kitu kimoja tu nilichotaka kujua, na sijui kwa nini nilitaka kujua hicho badala ya kingine. Nilimuuliza: mtu akizima pale juu mpaka chini, anaokoa esanse kiasi gani?

"Hakuna," akasema.

"Kidogo?"

"Hakuna, papa. Hizi motoka za sasa, ukitosha mguu kwa mutelemko, injini yenyewe inajifunga mafuta. Inazunguka tu na magurudumu. Kioo si inaandikaka zero? Ni zero ya kweli. Azime, asizime, ni kintu kimoja."

Alilipia unga wake akaondoka. Esanse iliyobaki kila wiki ilitoka kwenye mguu mtupu wa Shofere, kwenye jasho la Patron na kwenye kipimo kikubwa cha esanse alichotoa Patron. Kwenye kuzima injini halikutoka hata tone.

Jambo hilo nilikaa nalo miaka. Asubuhi Shofere alipita mbele ya mashine, sasa bila kazi, mguu mmoja ukiburuzwa, tukasalimiana. "Papa Mashini." "Muzee." Aliacha kusikiliza injini yangu. Ilianza tena kula vibaya, nami sikumwita.

Kisha mwaka huu, baada ya Pasaka, mtoto wake wa kike alikuja kuniita. Alisema baba yake ana maji kwenye mapafu na ananitaka. Nilinunua machungwa, nikaenda mchana, baada ya kufunga mashine.

Alikuwa amelala karibu na dirisha. Alikuwa amekonda sana, masikio tu ndiyo yalibaki vilevile. Alimwambia mtoto atoke nje.

"Nilizimisha," akasema.

"Najua, Muzee."

Akanigeukia. "Toka wakati gani?"

"Toka ule mwezi."

"Na ulinyamaza?"

"Bidoni zako zilikuwa kwangu."

Akafumba macho, na niliona kitu kikimtoka kifuani, kama mtu aliyeteremshwa mzigo kichwani. Akanyoosha mkono akashika wangu. "Basi shiye ni wawili," akasema. "Nilizani ni minye peke yangu. Kila siku naisikia ile mutelemko. Najiambia: Shofere, ulikuwa unatafuta lita moya. Mutu anaweza kufa juu ya lita moya, ni zambi, lakini ni kintu. Ni kintu ya kula. Unga yako ilitoka, batoto ya bantu walikula. Haikuwa bure kabisa. Mungu ataona ile lita."

Alikuwa ananiomba kitu, na nilielewa anachoomba. Ilitosha ninyamaze. Kunyamaza nilikuwa nimekuzoea miaka mingi, na hakukunigharimu chochote. Lakini nilimkumbuka Ngalula akiuliza kama hakuna sababu, na sisi wawili tukicheka. Nikasema.

"Muzee, fundi aliangalia motoka. Kwa mutelemko haikukula hata ukiiacha inalia. Ile kioo haikusema bongo."

"Unasema nini?"

"Zero ilikuwa zero. Hukuokoa kitu."

"Ata siku moya?"

"Ata siku moya."

Mkono wake ulibaki juu ya wangu lakini haukushika tena. Nje mtoto wake alikuwa anatwanga kitu, na yeye alisikiliza kama mtu anayehesabu mapigo. Ningependa kuandika kwamba nilisema kweli kwa ajili ya kweli. Nilisema ili iingie mahali pale ambapo mimi nilikuwa nimeumizwa, na nilingoja kuona inaingia, na iliingia.

Baadaye alisema, kwa sauti ndogo sana, bila hasira:

"Ungeniachia ata nusu lita, Papa Mashini."

Sikumwachia. Niliutoa mkono wangu, nikaweka machungwa juu ya kiti, nikatoka.